Tuma diski, usimalize bando: jinsi ya kuanzisha bakapu ya klaudi ukiwa mbali na faiba

Swali linakuja karibu kwa maneno yaleyale kila mara: "Nina TB tatu za picha na video za harusi, nimelipia klaudi, nimebonyeza bakapu, sasa kompyuta inasema itamaliza baada ya miezi miwili, nifanyeje?" Wanaouliza wako Arua, Gulu, Kasese, Kitgum, wengine wako hapahapa Kampala lakini wanatumia ruta ya laini ya simu. Jibu langu ni moja: nakala ya kwanza usiipandishe kwa intaneti yako. Iweke kwenye diski, diski isafiri mpaka palipo na faiba nzuri, ipandishwe kutokea huko, afu wewe nyumbani uendelee kutuma vile vidogo vipya vya kila siku tu.

Piga hesabu kabla hujabisha. TB 1 kwa spidi ya kupandisha ya Mbps 10 ni siku 9 na kitu, na hiyo ni kama laini haikatiki hata dakika moja. Ukiwa na TB 3 na laini yako inapandisha Mbps 4, ni siku 69. Hapo hujaweka umeme kukatika, hujaweka ile spidi inayoshushwa ukishatumia sana bando la "unlimited", na kumbuka kila bando unalonunua lina ushuru wa 12% ndani yake tangu Julai 2021. Data hiyohiyo kwenye ofisi yenye faiba ya Mbps 100 ni siku tatu hivi. Bus kutoka Arua inalala njiani usiku mmoja.

Watu wakisikia kutuma diski wanadhani ni njia ya maskini. Hapana, makampuni makubwa yanafanya hivyohivyo. Amazon walianza kutuma sanduku lao la Snowball mwaka 2015, na 2016 wakaleta lori zima, Snowmobile, la kubeba mpaka petabaiti 100 (petabaiti moja ni TB 1,000), ingawa lori hilo walishaliacha 2024. Microsoft wana Data Box, Backblaze walileta sanduku la kukodisha linaitwa Fireball, IDrive wana huduma ya kutuma diski inaitwa IDrive Express. Kama uko kwenye nchi wanayoifikia na bado wanapokea wateja wapya, tumia hizo. Shida yetu ni kwamba vituo vya Afrika vya Amazon na Microsoft viko Afrika Kusini, na huduma nyingi za diski zimepangwa kwa wateja wa Marekani na Ulaya, kwa hiyo soma orodha ya nchi zao kabla hujalipa chochote, na uliza kwa maandishi nani analipa usafiri wa kwenda, wa kurudi, na forodha.

Mwongozo huu ni wa njia ya pili, ile inayofanya kazi hapa: diski yako mwenyewe, mtu wako mwenye faiba Kampala, na programu mbili za bure, restic ya kubakapu na rclone ya kupandisha mafaili klaudi. Nimechagua restic kwa sababu moja kubwa. Inafunga data kwa usimbaji kabla haijaandika chochote kwenye diski, manake huyo anayekupandishia Kampala anashika mafaili yasiyosomeka, hahitaji paswedi yako na hata diski ikiibwa njiani mwizi hapati picha ya mtu yeyote.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Diski ya eksteno yenye nafasi kuliko data yako. Data TB 3, nunua ya TB 4. Iwe USB 3.
- Nakala nyingine ya data hiyohiyo itakayobaki nyumbani. Hii siyo ya hiari.
- Laptopu yenye betri nzuri, au kompyuta iliyo kwenye UPS.
- Akaunti ya klaudi inayotumia baketi (ghala lako la mafaili ndani ya klaudi): Backblaze B2, Wasabi, Amazon S3 na wengine wa aina hiyo.
- restic na rclone zikiwa zimeshashushwa, kwako na kwa mtu wako wa Kampala.
- Mtu unayemwamini mwenye faiba. Ndugu anayefanya kazi ofisini, rafiki mwenye saiba, fundi anayelipwa. Muulize kwanza kama bosi wake amekubali, manake laini ya ofisi itabanwa siku kadhaa.
- Daftari na kalamu. Utaona kwa nini.

Neno kuhusu klaudi gani. Google Drive inakubali, lakini ina kikomo cha GB 750 kwa siku kwa kila akaunti, kwa hiyo TB 3 ni angalau siku nne hata faiba iwe ya kasi namna gani. Ile Backblaze ya kawaida ya kompyuta moja, siyo B2, haina njia ya kuanzia na diski, usiilipie ukitegemea hivyo. Na usivutwe na bei ya chini ya Glacier Deep Archive ya Amazon kwa kazi hii. Kule kupata faili moja unasubiri saa 12 mpaka 48, na restic inahitaji kusoma vitu vyake mara kwa mara.

Kama data yako ina majina ya watu, kwa mfano kliniki, shule, SACCO, jua kwamba kuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Data ya watu ikihifadhiwa nje ya Uganda, huko inakokwenda lazima ilindwe kwa kiwango kinacholingana na cha hapa, au wahusika wawe wamekubali. Mwambie mkuu wako kabla ya kutuma, siyo baada.

Hatua ya 1: Hakikisha diski ni ya kweli na ni nzima

Watu wanaruka hatua hii kuliko zote. Pale mjini kuna vile vidiski vidogo vimeandikwa TB 16, bei ya kutupa, vinang'aa. Ndani mara nyingi ni kadi ya memori ya GB chache iliyodanganywa ijitangaze kubwa. Inapokea mafaili vizuri kabisa, inaonyesha majina na saizi zote, ila ikishajaa inaandika mpya juu ya za zamani kimyakimya. Utagundua siku unataka kufungua.

Kwa Windows tumia H2testw, kwa Linux na Mac tumia F3. Zinajaza diski yote kisha zinasoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Diski ya TB 4 ya kuzunguka (HDD) inachukua karibu siku nzima, kuandika saa kumi na kusoma saa kumi. Iache ifanye. Afu fungua CrystalDiskInfo uangalie afya yake: ikionyesha rangi ya njano au sekta zinazosubiri, usitume, rudisha dukani siku hiyohiyo ukiwa na risiti.

Hatua ya 2: Formati

Kompyuta zote mbili zikiwa Windows, formati diski kwa NTFS. Ukiwa na mchanganyiko wa Windows na Mac, exFAT itasomeka kote, ila exFAT haipendi kuchomolewa ghafla, kwa hiyo kila mara tumia ile "eject". FAT32 usiiguse kwa diski kubwa.

Hatua ya 3: Tengeneza repo kwenye diski

Repo ni ile folda ambamo restic inaweka bakapu yako ikiwa imefungwa. Tuseme diski imekaa kama E: na data yako iko D:\Studio. Fungua dirisha la amri uandike:

`restic init -r E:\mbegu`

Itakuomba paswedi mara mbili. Hapa simama kidogo. Paswedi hii ikipotea, data imepotea, hakuna ofisi ya kupigia, hakuna "nimesahau paswedi", hata waliotengeneza restic hawawezi kukusaidia. Iandike kwenye karatasi mbili kwa mkono, moja ikae kwako na nyingine kwa mtu unayemwamini mahali pengine, na isiwekwe kamwe ndani ya boksi la diski wala kutumwa WhatsApp kwa anayepokea.

Hatua ya 4: Jaza diski

`restic -r E:\mbegu backup D:\Studio`

Zima kulala kwa kompyuta kwanza, manake ikilala katikati diski inakatika. Kwa USB 3 TB 3 ni kama saa nane, kwa USB 2 ni karibu siku nzima, kwa hiyo ukiona inakwenda polepole sana angalia tundu ulilochomeka kabla ya kulaumu diski. Umeme ukikatika usiogope, rudia amri ileile, vilivyokwisha kuandikwa haviandikwi tena.

Usitegemee restic itapunguza saizi ya picha na video. JPEG na MP4 zimeshabanwa tayari. Itakachoondoa ni marudio: ile video ya kwanjula (sherehe ya utambulisho) uliyoikopi kwenye folda tatu tofauti itahesabiwa mara moja.

Njia ya folda ibaki hivyohivyo. Ukibakapu kutoka D:\Studio leo, na baadaye ukahamisha kuwa F:\Kazi\Studio, restic itasoma upya kila faili. Haitapandisha upya yaliyomo, lakini utapoteza saa nyingi na utashtuka bure.

Hatua ya 5: Kagua kabla ya kufunga boksi

`restic -r E:\mbegu check --read-data`

Hii inasoma kila kipande kwenye diski na kukihakiki. Inachukua saa nyingi, na ndiyo tofauti kati ya kutuma bakapu na kutuma boksi la matumaini. Ikimaliza na kusema hakuna kosa, rudisha mafaili matano sita ya aina tofauti:

`restic -r E:\mbegu restore latest --target D:\jaribio --include "D:\Studio\2023"`

Zingatia kwamba kwenye Windows restic inahifadhi njia kama /D/Studio/2023, kwa hiyo ikikurudishia folda tupu, andika hivyo badala ya ile yenye D:\. Fungua video uliyorudisha, ipeleke mbele mpaka katikati, uione inacheza. Usitosheke na kuona jina lake tu.

Hatua ya 6: Tayarisha baketi na ufunguo

Fungua akaunti ya klaudi kwa jina lako na email yako, siyo ya fundi. Nasisitiza hapa kwa sababu biashara nyingi zinakuja kugundua akaunti ni ya kijana aliyeshaacha kazi. Tengeneza baketi moja ya kazi hii, iwe ya siri, usiifungue kwa umma. Afu tengeneza ufunguo unaofungua baketi hiyo peke yake. B2 wanaruhusu hivyo moja kwa moja. Huo ndo utampa mtu wa Kampala. Paswedi ya akaunti hapewi, paswedi ya restic hapewi.

Hatua ya 7: Fungasha na safirisha

Diski ya kuzunguka ikiwa imezimwa inavumilia kuliko watu wanavyodhani, ila inachukia kuangushwa. Ifunge na plastiki ya mapovu raundi kadhaa, weka sponji kila upande, boksi liwe gumu na ukilitikisa kisisikike kitu. Ifunge pia ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Buti la bus za West Nile linajaa magunia ya samaki wakavu na jerikeni za asali, na jerikeni moja ikivuja inashuka kwenye kila kilicho chini yake.

Kwa hiyo njia bora ni mtu anayesafiri, aiweke kwenye begi la mkononi, ikae naye ndani. Ukikosa mtu, tumia ofisi ya mizigo ya bus, lipa, piga picha risiti, na andika jina la mpokeaji kama lilivyo kwenye kitambulisho chake. Usiandike nje ya boksi kwamba ndani kuna diski ya data, andika "vifaa vya ofisi".

Kwenye daftari weka seriali namba ya diski, saizi ya folda ya mbegu, idadi ya mafaili ndani yake (bonyeza kulia, angalia sifa zake) na tarehe. Mpokeaji anapata namba hizi kwa meseji. Mfano mzuri:

"Dada habari ya kazi. Mzigo umetoka leo na bus ya saa kumi na mbili jioni, risiti nimekutumia. Seriali inaishia 7K2. Folda inaitwa mbegu, TB 2.9, mafaili 176,410. Ukiipokea nipigie kabla hujaichomeka."

Na mpokeaji ajibu kwa namba, siyo "imefika salama" tu. Akisema mafaili ni machache kuliko ulivyoandika, mnasimama hapo kwanza.

Kama mtu wako yuko Nairobi na diski inavuka Malaba au Busia, beba risiti ya kununulia na uieleze forodha kama kifaa chako kilichotumika. Kama unaweza kumaliza kazi ndani ya nchi, maliza ndani ya nchi. Kampala kuna faiba ya kutosha, na tangu 2021 kuna hata kituo cha data cha Raxio pale Namanve kwa wale wenye seva zao wenyewe.

Hatua ya 8: Kupandisha kutoka Kampala

Hii ni kazi ya mpokeaji, mtumie sehemu hii kama ilivyo. Weka rclone, andika `rclone config`, tengeneza muunganisho uite klaudi, bandika ufunguo uliopewa. Kisha:

`rclone copy E:\mbegu klaudi:studio-arua --transfers 8 --progress`

Jina la mwisho ni la baketi. Intaneti ikikatika, rudia amri hiyohiyo, itaruka yaliyokwisha fika. Ikimaliza:

`rclone check E:\mbegu klaudi:studio-arua`

Isiseme tofauti hata moja. Ikisema zipo, rudia copy afu check tena.

Angalizo kubwa la mwongozo mzima liko hapa. Tumia copy, USITUMIE sync. Sync inafanya klaudi ifanane na diski, manake inafuta chochote kilichoko klaudi ambacho hakipo kwenye diski. Leo haina madhara kwa kuwa baketi ni tupu. Lakini baada ya mwezi, wewe umeshaanza kutuma vipya kutoka nyumbani, mtu akichomeka diski ile ya zamani na kurudia amri ya sync iliyobaki kwenye historia, inakufutia mwezi mzima. Ndiyo sababu check ikishapita, unaenda kwenye akaunti yako na kuufuta ule ufunguo siku hiyohiyo.

Ofisi yenye faiba ya Mbps 50 itachukua siku tano mpaka sita kwa TB 3. Ukitaka wenzake wasilalamike, aongeze `--bwlimit "08:00,2M 18:00,off"`, mchana inaenda taratibu na usiku inaachiwa, ila basi siku zinaongezeka.

Hatua ya 9: Unganisha kompyuta ya nyumbani na klaudi

Tengeneza ufunguo mpya wako mwenyewe. Paswedi ya restic ni ileile ya hatua ya 3. USIFANYE init tena, repo ipo tayari. Anza kwa kuangalia:

`restic -r s3:https://ANWANI-YA-KLAUDI/studio-arua snapshots`

Anwani unaipata kwenye ukurasa wa baketi yako, na ufunguo unauweka kwenye environment variables za kompyuta zinazoitwa AWS_ACCESS_KEY_ID na AWS_SECRET_ACCESS_KEY hata kama klaudi yako siyo Amazon, mradi inaongea S3, ile lugha ya baketi za Amazon. Ukiona snapshoti (rekodi ya bakapu moja) ile ya siku uliyojaza diski, imekubali.

Sasa kabla ya kuruhusu chochote kupandishwa, jaribu kwa mkavu:

`restic -r s3:https://ANWANI-YA-KLAUDI/studio-arua backup D:\Studio --dry-run`

Haipandishi kitu, inakuambia tu ingepandisha kiasi gani. Kama tangu utume diski umepiga kazi mbili tatu, itasema GB kadhaa. Hiyo ni sawa. Ikisema TB, simama, nenda sehemu ya matatizo hapa chini. Watu wanamaliza bando la mwezi mzima usiku mmoja kwa kuruka mstari huu.

Ikikaa sawa, ondoa `--dry-run`, weka `--limit-upload 300` kama laini ni ndogo (hizo ni KiB kwa sekunde), panga ijiendeshe usiku.

Kazi ulizoingiza wakati diski iko safarini hazijapotea. restic inalinganisha kompyuta yako na klaudi, kwa hiyo chochote kipya inakichukua kwenye bakapu hii ya kwanza. Ila mpaka siku hiyo ifike, kazi hizo hazipo klaudi, zikopi kwenye ile nakala nyingine ya nyumbani.

Hatua ya 10: Rudisha faili kutoka klaudi, siyo kutoka diski

Chagua folda ndogo, irudishe ukitumia anwani ya klaudi, ufungue. Hapo ndo useme una bakapu. Diski ikirudi kutoka Kampala usiifute haraka, iache kabatini miezi mitatu minne kama nakala ya ziada. Siku ya ajali kubwa kushusha TB 3 kwa laini yako kutachukua wiki nyingi, na Januari 2021 tuliona intaneti ikizimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi. Diski iliyo karibu ndiyo inayofungua duka kesho yake, klaudi ni ya siku nyumba imeungua au wezi wamebeba kila kitu.

Kwa wasiotumia restic

Ukiwa na NAS (sanduku la diski linalokaa kwenye mtandao wako) ya Synology, Hyper Backup inakuruhusu kubakapu kwanza kwenye diski ya USB na baadaye kuunganisha upya kazi ileile kwenye seva ya mbali, kitufe kinaitwa Relink. Duplicati unabakapu kwenye folda ya diski, unapandisha folda ile, afu unabadilisha mahali pa kutuma kwenye kazi hiyohiyo. Kopia ina amri yake ya kuhamisha repo. Kanuni haibadiliki: kinachopandishwa Kampala ni ile folda ya programu kama ilivyo, hakuna kuipa majina mapya, hakuna kuifanya zip. Ukikopi picha zako wazi kwenye klaudi ukitegemea programu itazitambua, haitazitambua, itaanza upya kutoka faili la kwanza.

Matatizo yanayojitokeza

*Dry-run inasema itapandisha kila kitu, au restic inasema haioni repo.* Mara nyingi umefanya init mpya kwenye baketi nyingine, au mtu wa Kampala ameweka data ndani ya folda, mfano studio-arua/mbegu, na wewe umeelekeza studio-arua. Angalia kwa `rclone lsd klaudi:studio-arua`. Unatakiwa uone data, index, keys, snapshots moja kwa moja. Ukiona folda moja tu inaitwa mbegu, ongeza /mbegu mwisho wa anwani yako na jaribu tena. Usipandishe upya.

*Inasema repo imefungwa.* Kompyuta ilizimika katikati ya kazi na kufuli limesafiri na diski. Hakikisha hakuna anayetumia repo wakati huo, afu `restic unlock` ukitumia anwani ileile.

*Paswedi inakataliwa.* Jaribu kwenye diski kwanza. Diski ikikubali na klaudi ikakataa, folda ya keys haikufika vizuri, mpokeaji arudie copy na check. Zote zikikataa, tazama herufi kubwa na ndogo kwenye karatasi, na lugha ya kibodi.

*rclone inaleta makosa ya ruhusa.* Ufunguo ni wa baketi nyingine au umebandikwa na nafasi mwishoni. Tengeneza mwingine, ni dakika mbili.

*Diski haionekani Kampala.* Badilisha kebo kabla ya kitu kingine, kisha tundu la nyuma ya kompyuta badala ya la mbele. Windows ikiuliza "format disk?" jibu HAPANA. Jaribu kwenye kompyuta nyingine. Ikiendelea kuuliza, au inatoa sauti ya kugonga tik tik tik, ichomoe, usiilazimishe. Nakala ya nyumbani ipo, unajaza diski nyingine na kutuma tena, hasara ni nauli na siku chache.

*check ya restic ilitoa makosa kabla ya kutuma.* Usitume. Jaribu kebo na tundu lingine, rudia check. Makosa yakibaki, diski hiyo au memori ya kompyuta ina shida. Futa folda ya mbegu, badilisha diski, anza hatua ya 3.

*Mpokeaji ameanza afu amesafiri, kazi imefika nusu.* Hakuna kilichoharibika. Mtu mwingine mwenye rclone na ufunguo wako anaweza kuchukua diski na kurudia amri ileile ya copy, itaanzia ilipoishia. Ila ufunguo wa yule wa kwanza ufute, umpe huyu wa pili wake.